Magamba Huanzia Chini

Garissa, 14 Aprili 2025

Habaryar Ebla,

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mbuzi wako na yule ngamia wako mwenye kiburi. Sisi wa Garissa hatujambo. Hooyo, dada yako, anakusalimu sana. Mgongo bado unamsumbua, lakini ulimi wake haujawahi kuugua hata siku moja, Alhamdulillah. Mvua imenyesha mara mbili, mto umepanda, na mbu wote wa Tana wamehamia chumbani kwangu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimekupigia tangu kabla ya Ramadhani. Inaita, inaita, mpaka inachoka. Na usiniambie ni mtandao, mama mdogo wangu, kwa sababu Mowlid wa lori la mbuzi anasema wewe humpigia kila wiki kumuuliza bei za Garissa. Basi nimeamua kuandika. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichofundishwa kuandika, mimi na wewe. Kisomali chetu ni cha mdomo, na mdomo umeninyima.

Sasa jambo lenyewe. Ni Ramlo, mdogo wangu. Ngozi ya nyuma ya magoti yake, pale moto ulipopita, inazidi kukaza kadiri anavyorefuka. Anatembea ameinama kidogo kama mtu aliyeangusha sindano. Daktari wa mazoezi amesema dawa yake ni maji. Apige miguu majini kila wiki, bila kukosa. Mwezi wa kumi watampima. Magoti yakinyooka, basi. Yasiponyooka, atapelekwa Nairobi akapasuliwe tena, na unakumbuka mara ya kwanza ilivyokuwa.

Bwawa lipo. Hoteli moja karibu na mto imetenga Jumamosi asubuhi kwa wanawake peke yao, na turubai limezungushwa pande zote. Tumempeleka mara tatu. Mara zote tatu ameketi kwenye kiti, buibui mpaka kwenye vidole, anatazama wenzake wakicheka. Hata nguo ya kuogelea ya kufunika mwili mzima haitaki. Anasema ikilowa inagandamana na miguu, na kila kovu linaonekana. Mwezi uliopita nilimwonyesha video ya mwanamke aliyevaa mkia wa nguva, yule wa hadithi, nusu mtu nusu samaki, anaogelea miguu yote miwili ikiwa ndani ya mkia. Ramlo akaitazama mara nne. Akasema, "Abaayo, dada yangu, ningekuwa na hicho, ningeingia."

Basi nimeamua kumtengenezea. Usicheke. Unajua kazi yangu: kwa Abdinoor tunamimina maua ya plasta ya kupamba dari. Kalibu za maua hayo, yaani vyombo vya kumiminia, ni za silikoni, kile kitu kinachonyumbuka kama mpira, na mkia wa kwenye video ni silikoni hiyo hiyo. Abdinoor amenipa iliyobaki kwenye kazi ya nyumba ya tajiri mmoja. Nitachonga magamba kwa udongo, nimimine plasta juu yake nipate kalibu, halafu nipake silikoni ndani ya kalibu na kuibandua. Basi nitakuwa na ngozi ya samaki.

Shida ni moja. Udongo ninao, lakini sijui gamba hukaaje. Sijawahi kumshika samaki, na hapa kwetu nani amewahi? Ila nakumbuka mikeka yako ya kufunika aqal, yenye majani yanayoning'inia upande wa nje, safu juu ya safu. Nilipokuwa mdogo nilidhani nyumba yako ina manyoya. Nieleze unavyoipanga, Habaryar. Hilo tu.

Mwanao,
Sabrin


Eldas, 3 Mei 2025

Mwanangu Sabrin,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako ilifika ndani ya kofia ya Mowlid, ina jasho lake lote. Sisi tuko salama. Mvua ni nzuri, malisho yamesimama, na ngamia amezaa dume lenye kiburi kama cha mama yake. Msalimie dada yangu Qali, mwambie mgongo unataka kukandwa kwa mafuta ya mkia wa kondoo, si vidonge. Msalimie Abdinoor na mkewe. Msalimie Weris muuza maziwa, na yule mlinzi wa mtaa wenu, na mwalimu wa madrasa. Wasalimie wote wa nyumbani.

Simu yangu ina tatizo la spika.

Kuhusu hicho kitu cha samaki. Umemuuliza mtu wa dini? Kuchonga kiumbe si mchezo. Halafu mtoto wa wafugaji wa Eldas avae ngozi ya samaki, watu waseme nini? Samaki mwenyewe hatumli, tutamvaa?

Mikeka nimeacha. Huu mwaka wa pili sisuki. Macho yamechoka. Waulize wanawake wa Ijara, wako wanaojua.

Nimempa Mowlid chupa ya samli. Itiwe kwenye uji wa anayehitaji kupata nguvu. Anajijua.

Habaryar wako,
Ebla


Garissa, 18 Mei 2025

Habaryar wangu mpenzi,

Salaam nyingi, nyingi kuliko mbu wetu. Hooyo amekandwa mafuta ya kondoo na sasa nyumba nzima inanukia kama harusi. Anasema mgongo umepoa, ila hatakubali mbele yako. Samli imefika. Anayejijua ameitia kwenye uji kila asubuhi, na kwenye wali, na juzi nimemkuta anailamba kwenye kijiko.

Nimehesabu salamu zako. Umemsalimia mlinzi wa mtaa, Habaryar! Jina lake humjui, lakini umemsalimia. Ramlo aliisoma barua yako mara mbili, kisha akaigeuza kutazama nyuma ya karatasi, labda kuna kitu kimeandikwa huko. Hakukuwa na kitu. Nakuambia tu.

Mambo ya dini nimeuliza. Ustadha anayefundisha wanawake madrasani alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hakina kichwa, hakina uso, ni vazi, tena linasitiri. Kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea binti yake.

Kazi imeanza. Udongo nimeuchimba ukingoni mwa Tana, nikautandaza juu ya mlango wa zamani, na magamba nimeyakata kwa mdomo wa glasi ya chai. Kwa pezi la chini nimekata plastiki ya tangi la maji lililopasuka, nikafunga ndala mbili za Ramlo juu yake ili miguu ipate pa kukaa. Tatizo ni joto letu. Silikoni ina vikopo viwili, ukivichanganya inaanza kuganda, na kwa jua la Garissa inaganda kabla hujamaliza kusema bismillahi. Bakuli la kwanza liliganda na brashi ikiwa imesimama katikati. Sikuweza hata kuing'oa. Nilikaa chini nikacheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikaenda kwa Weris. Sasa vikopo vyangu vinakaa kwenye jokofu lake la maziwa ya ngamia, na baada ya swala ya alfajiri navikimbiza karakana nifanye kazi kabla jua halijafika ukutani. Wateja wake wanauliza hayo ni maziwa ya nini. Anawajibu ni ya samaki.

Nakutumia kipande cha majaribio, ukubwa wa sahani. Nimeanzia kiunoni nikashuka, kama tunavyofanya dari. Kishike tu. Hulazimiki kusema kitu.

Mwanao,
Sabrin


Garissa, 29 Juni 2025

Habaryar,

Salaam. Idi imepita na hukujibu. Mowlid anaapa kwamba kipande alikuwekea mkononi. Hooyo mzima. Ramlo amefanya mitihani na hisabati amepata vizuri kuliko nilivyowahi kupata mimi. Joto limepungua kidogo. Habari za nyumbani zimeishia hapo, sasa nisikilize.

Jana tuliujaribu mkia. Ulikuwa mzuri kuangalia, bluu kama wa kwenye video. Hooyo na mimi tulimbeba Ramlo mpaka ukingoni, maana mkia ni mzito kama mbuzi aliyeshiba, na tukateremka naye pale maji yanapomfika kifuani. Alikuwa anatabasamu. Sijaona meno yake namna ile tangu Eldas. Alipojisukuma mbele, kila gamba lilifunguka likachota maji kama kikombe. Mamia ya vikombe, Habaryar. Mkia ukavutwa chini, akameza maji, tukamtoa anakohoa. Hakuumia. Lakini aliuvua mwenyewe, akauacha pale kama kitu kilichokufa, akarudi kwenye kiti chake na buibui lake.

Nilimwambia nitarekebisha. Akasema, "Wacha tu, abaayo. Hata maji hayanitaki. Kama Habaryar."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia kwamba wewe umemkasirikia kwa sababu alichoma nyumba yako. Nyumba uliyoisuka miaka mitatu, kila mkeka kwa mkono wako. Amekuwa na neno hilo moyoni mwaka mmoja na nusu, na sisi tumelala naye chumba kimoja hatujui.

Mimi siku ile sikuwepo. Mlikuwepo nyinyi wawili, na nyote wawili mmenyamaza. Nimechoka kuwa katikati ya watu wawili wanaonyamaza. Nijibu kwa neno moja: umemkasirikia au hukumkasirikia?

Sabrin


Eldas, 20 Julai 2025

Sabrin,

Wa alaykum salaam. Dada yangu msalimie. Watu wengine nitawasalimia siku nyingine.

Kipande chako nilikipata mwezi wa tano. Nilikitia sandukuni. Nikakitoa. Nikakirudisha. Kilinitesa, na nitakuambia kwa nini. Umekipanga kichwa chini miguu juu! Nilikiegemeza kwenye jiwe nikakimwagia maji ya birika, na maji yote yakaingia ndani ya magamba yakatulia humo kama wageni. Nani alikufundisha kuanzia juu? Dari hainyeshewi. Nyumba hufunikwa kuanzia chini. Unaweka safu ya chini kwanza, halafu ya pili inailalia ya kwanza, ya tatu inailalia ya pili, unapanda hivyo mpaka juu kabisa. Majani yote yanatazama chini, na mvua ikija inateleza, haina pa kushika. Samaki simjui, lakini maji nayajua. Anzia miguuni, upande kwenda kiunoni. Ulipaswa kuniuliza mapema, na kweli uliniuliza, na mimi nikakuambia nenda Ijara. Hilo kosa ni langu.

Sasa swali lako. Sikumkasirikia. Sikumkasirikia hata siku moja, wallahi.

Kalamu hii nimeiweka chini mara tatu. Siku ile ilikuwa zamu ya kufukiza vibuyu vya maziwa. Unajua inavyofanywa, kijiti chenye moto ndani ya kibuyu ili maziwa yakae na yanukie. Nilimwachia mtoto wa miaka kumi na moja makaa ya moto, nikaenda kwa jirani aliyekuwa anaozesha binti. Nilisema nitakaa kidogo. Wakaleta chai. Wakaanza kuisifu nyumba yangu, kwamba Eldas nzima hakuna mikeka kama ile, na mimi nikaongeza kikombe cha pili ili nisikie zaidi. Nilikuwa nimekishika kikombe hicho nilipomsikia akipiga kelele. Nyumba nimeisahau zamani. Kikombe sijakisahau.

Simu yangu haina tatizo la spika. Nikipokea nitamsikia nyuma yako akiongea, na nitaisikia ile sauti nyingine, ya siku ile. Mwambie mtoto kwamba nyumba ile niliichoma mimi.

Nimesuka. Siku nne, vidole vimekuwa kama vya mtu mwingine, lakini vimekumbuka. Ni ukanda mmoja tu, upana wa kiganja, wenye safu kumi na mbili. Usichonge tena magamba kwa glasi ya chai, yanafanana kama sarafu na hayana uhai. Bonyeza mkeka huu kwenye udongo, ukianzia chini.

Ebla


Garissa, 24 Agosti 2025

Habaryar wangu,

Salaam na mapenzi. Hooyo alisoma barua yako, akaikunja, akaenda kukaa uani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na akasema, "Huyo dada yangu ni mjinga." Alisema hivyo kwa upendo mwingi. Kisha akakwambia wewe, kupitia kwangu, kwamba na yeye alikuwa anaogopa kukupigia.

Ramlo nilimpa barua aisome mwenyewe. Sikujua kama nafanya vizuri au vibaya. Siku ya tatu, baada ya alfajiri, nilifika kwa Weris kuchukua vikopo nikamkuta ameshafika, amevipakata, ameganda kwa baridi. Likizo nzima amefanya kazi na mimi.

Ukanda wako tuliubonyeza kwenye udongo kuanzia chini, safu kwa safu, na kila tulipouinua ulikuwa umeacha magamba yenye alama ya kila uzi uliousuka. Kuna mahali umekosea, safu ya saba, ulikaza sana. Kosa hilo sasa liko kwenye mkia mara thelathini na moja. Ramlo amekataa nilisawazishe. Ananiambia hivyo ndivyo tutakavyojua ni wa nani.

Bluu ameikataa pia. Amechanganya rangi mwenyewe, kidogo cha kahawia, kidogo cha njano, mpaka ikatoka rangi ya ngamia. Habaryar, tuna nguva wa rangi ya ngamia. Abdinoor alipouona alitikisa kichwa na kusema hajawahi kuona mnyama kama huyo, na angekuwepo sokoni angemnunua.

Nimeubandua jana, mzima, haukuchanika. Maji ya birika tumeumwagia. Yameteleza yote.

Lililobaki ni lake, si langu. Akitaka atakuandikia.

Mwanao,
Sabrin


Garissa, Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Kwa Habaryar Ebla,

Assalamu alaykum. U hali gani? Mimi niko poa. Hooyo anakusalimu, abaayo Sabrin anakusalimu, Weris anakusalimu na anasema jokofu lake sasa linanuka mpira. Na yule mlinzi wa mtaa pia anakusalimu. Anaitwa Diriye. Nilimwambia kwamba unamjua.

Samli imeisha. Hiyo si kuomba, ni habari tu.

Nimeingia majini Jumamosi saba mfululizo. Mara ya kwanza niliogopa nitavutwa tena chini. Hooyo alinishika mkono mmoja, Sabrin mwingine. Nikapiga mkia mara moja, nikaenda. Nikapiga tena, nikawapita. Ndani ya maji siinami, Habaryar. Mkia ukipiga lazima magoti yafunguke, yanauma kwanza halafu hayaumi. Wasichana wengine wanauliza kwa nini si wa bluu, nawaambia huyu ni nguva wa Eldas, kwenu hawafiki. Sasa wananingoja mlangoni nifike, wanagombania nani ashike pezi wakati wa kunibeba.

Wiki mbili zilizopita niliuvua nikiwa nimekaa ukingoni, na nguo niliyovaa ndani yake imelowa, na makovu yote yako nje. Nilisahau kujifunika. Nilikumbuka baadaye, nikiwa nakunywa soda.

Alhamisi daktari amenipima. Goti la kushoto limenyooka kabisa. La kulia limebaki kidogo, upana wa vidole viwili. Amesema Nairobi siendi, hakuna kupasuliwa, nirudi Januari, niendelee na maji. Sabrin alilia kliniki na nikaona aibu.

Sasa kuna kitu sijamwambia mtu. Ulisema nyumba uliichoma wewe. Si kweli. Uliniambia nifukize vibuyu nje, chini ya ule mti wa miiba, na usiingize makaa ndani. Uliniambia mara mbili. Nje kulikuwa na upepo, makaa yalikuwa yanazima, na nilitaka ukirudi ukute vibuyu vyote vimefukizwa na kupangwa, ili uniambie nimefanya kazi ya mtu mzima. Kwa hiyo nikaingiza ndani. Kilibaki kibuyu kimoja tu.

Kwa hiyo ni mimi. Au ni sisi wawili. Sijui inavyogawanywa. Lakini sipendi uichukue yote peke yako.

Nikiwa majini naupapasa mkia pale safu ya saba ulipokosea. Naujua mkono wako. Nilikuwa nalala nikitazama mikeka ile kila likizo.

Kwenye barua zako zote jina langu halimo. Nimetafuta. Kama hutaki kuliandika si lazima. Lakini kama unaweza.

Mimi,
Ramlo


Eldas, 26 Oktoba 2025

Ramlo. Ramlo. Ramlo.

Nimeliandika mara tatu kwa sababu nina deni la miezi mingi, na nitaendelea kulilipa nikifika.

Wa alaykum salaam, mboni ya jicho langu. Msalimie mama yako na Sabrin. Msalimie Diriye, mwambie nimefurahi kulijua jina lake. Mvua imeanza tena huku. Ndama wa ngamia amenipiga teke Ijumaa na nimemsamehe. Samli ninakuja nayo, chupa tatu, na ole wake atakayeilamba kwenye kijiko.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Sikujua habari ya upepo. Sikujua kibuyu kilibaki kimoja. Umeuliza inavyogawanywa. Mimi ndiye mkubwa, basi sehemu kubwa ni yangu na hutanishinda kwa hilo. Sehemu yako ndogo, ile ya kutaka kusifiwa, hebu niilipe sasa hivi: umefanya kazi ya mtu mzima, Ramlo. Uliifanya siku ile kabla ya moto, na umeifanya mwaka huu wote.

Mowlid anashuka Garissa Alhamisi. Nimemwambia aniwekee kiti cha mbele, si nyuma na mbuzi. Jumamosi nitakuwa kwenye bwawa hilo, na safu ya saba nitaiangalia kwa macho yangu, maana sikubali kwamba nilikosea.

Nimeanza kusuka nyumba nyingine. Ndogo. Nimefika safu ya nne kutoka chini. Disemba shule zikifungwa utakuja, na vibuyu utavifukiza wewe. Nje, chini ya mti wa miiba. Upepo ukivuma, uvume. Nitakuwa nimeketi hapo hapo kando yako, na chai tutainywea hapo.

Habaryar wako,
Ebla